Umefunga rimu na tairi mpya? Usilipie alaimenti kabla hujasoma hapa (wa Tabora, Kigoma na majirani)

Mtu wa Ipuli

Wakuu habari za muda. Hili nimeona niliwekee uzi kabisa maana kila nikikaa na wenye magari hapa Tabora nasikia kitu kilekile, mtu kanunua rimu na tairi seti nzima, hela nyingi imemtoka, muuza tairi kamwambia nenda kapige alaimenti, yaani kupanga pembe za tairi zikae sawa, kaenda, kuna kijana kaingia chini ya gari kageuza geuza spana robo saa, katoka, kalipwa, mwenye gari karudi nyumbani anajua kamaliza. Miezi michache mbele tairi za mbele zimeliwa upande wa ndani mpaka waya unachungulia wakati upande wa nje kashata (yale meno ya kukanyagia) bado mpya kabisa. Hapo lawama zote anabeba muuza tairi.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kubisha abishe: alaimenti ambayo hujapewa karatasi ya vipimo, vya kabla hajagusa na vya baada ya kugusa, hiyo umenyooshewa usukani tu. Usukani unaweza kukaa sawa kabisa na tairi zikaendelea kuliwa.

Gari yangu ni Toyota Premio, ilikuwa na 195/65R15, nimehamia rimu za 16 na tairi 205/55R16. Hesabu ya kimo cha tairi inaenda hivi, 195 (upana kwa milimita) mara 65 kwa mia ni kama milimita 127 za ubavu, mara mbili, jumlisha rimu ya inchi 15 ambayo ni milimita 381, unapata kama 634. Ile ya 16 inatoka kama 632. Zinalingana, kwahiyo spidomita haidanganyi na gari haijapanda wala kushuka. Ningechukua 215/60R16 kama alivyotaka kuniuzia mmoja ningefika 664, hapo spidomita inasoma pungufu karibu asilimia 5 na tairi inaweza kugusa fenda ukikata kona umepakia. Fanya hesabu kabla hujatoa hela, simu unayo mkononi.

Sasa kwenye alaimenti yenyewe. Kufunga rimu mpya peke yake hakubadilishi pembe za miguu ya gari. Pembe zinashikwa na tairodi (fimbo za chuma zinazogeuza tairi), bushi, boljointi na shokapu, na hivyo vyote hujavigusa ukibadilisha rimu. Kwanini basi tunaambiwa twende? Ni kwa sababu tairi ulizotoa ndo ushahidi. Kama zile za zamani zimeliwa upande mmoja, hiyo kasoro bado ipo kwenye gari inasubiri hizi mpya. Kwahiyo kabla hujamwachia fundi tairi zako kuukuu zikague, ndo ripoti yako ya kwanza ya bure.

Namna ya kuisoma: imeliwa katikati, upepo ulikuwa mwingi. Imeliwa mabega yote mawili, upepo ulikuwa mdogo. Imeliwa bega moja tu laini, hiyo mara nyingi ni kemba, yaani tairi imelala kuingia ndani au kutoka nje ukiitazama gari kwa mbele. Sasa ile ya kwamba ukipitisha kiganja juu ya kashata kwenda upande mmoja ni laini na ukirudisha inakwaruza kama msumeno, hiyo ni toini au toauti, tairi za mbele zinatazamana sana au zimepeana mgongo. Hii ya mwisho ndo mlaji mkubwa.

Nimpe mtu picha ya ukubwa wake. Tairi ikigeuka nusu digrii tu kutoka kwenye njia yake, kila kilomita inaburuzwa pembeni kama mita 8.7. Tabora hadi Nzega ni kama kilomita 115. Ukifika Nzega ile tairi imeburuzwa pembeni karibu kilomita nzima juu ya lami. Nusu digrii kwa macho huioni, ndo maana fundi anayechuchumaa mbele ya gari akafumba jicho moja akakwambia "iko poa" mimi simlipi.

Karibuni tuchangie, hasa mafundi.

Spana17

Mkuu umeongea vizuri sana, mimi ni fundi na nakuunga mkono kwenye karatasi. Ila umeruka kitu ambacho ndo kinatuumiza kichwa gereji. Huwezi kupiga alaimenti kwenye gari yenye miguu iliyochoka. Mteja anakuja tairodi endi inacheza, bushi za kontroli am zimepasuka, boljointi ukiitikisa inagonga, anataka alaimenti. Nikiipima sasa hivi inasoma kijani, yaani iko ndani ya kipimo, akitoka hapo akigonga shimo la kwanza kuelekea Sikonge vyuma vinahama vinakaa sehemu nyingine, vipimo vyote vimekufa. Hela yake imepotea na mimi ananitukana.

Utaratibu ni huu, gari ipandishwe jeki, shika tairi saa tatu na saa tisa tikisa, ikicheza ni tairodi endi au raki endi. Shika juu na chini tikisa, ikicheza ni boljointi au beringi. Baada ya hapo angalia bushi kwa tochi. Kibovu kitoke kwanza. Halafu upepo ujazwe sawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, sio kwa kupiga teke. Mizigo mizito itoke kwenye buti, nimeshapokea gari ya alaimenti ina gunia mbili za mchele nyuma. Ndo upime.

Binti Isevya

Samahanini kaka zangu, mimi nina Toyota IST, nimefunga tairi mpya nne na rimu zilezile, usukani unatetemeka nikifika 80 mpaka 100, nikipunguza unatulia. Nimeenda alaimenti imerudi vilevile. Nirudi tena?

Mtu wa Ipuli

Dada usirudi alaimenti, hiyo ni balansi. Hivi ni vitu viwili tofauti na wengi wanalipia kimoja wakitegemea kitibu kingine. Balansi ni uzito kwenye tairi na rimu, pale zinapozungushwa kwenye mashine na kubandikwa vile vipande vya risasi. Uzito ukiwa haulingani unaona mtetemo kwenye spidi fulani, mara nyingi hiyohiyo 80 kwenda juu. Ukiona mtetemo uko kwenye usukani anza na tairi za mbele, ukiusikia kwenye kiti anza na za nyuma. Alaimenti ikiwa mbaya gari inavuta upande, usukani umekaa mshazari wakati unaenda moja kwa moja, au tairi zinaliwa. Mtetemo sio dalili yake.

Tairi ikitolewa kwenye rimu na kufungwa nyingine balansi ni lazima, hata kama rimu ni zilezile.

Spana17

Naongezea kwa dada wa IST. Mwambie fundi asafishe rimu kwa ndani kabla hajaweka kwenye mashine, matope makavu ya njia zetu yana uzito na yakidondoka baadaye balansi imeharibika. Na atoe risasi zote za zamani, kuna wanaopachika mpya juu ya zile.

Kwa walionunua rimu za mtumba au za dukani sio orijino kuna jambo lingine. Habu, kile kitovu cha gari ambapo rimu inakaa, ya IST na ya Premio ni milimita 54.1, lile tundu la katikati ya rimu nyingi za kununua huwa kubwa, 73.1 ni la kawaida sana. Rimu hapo inakaa kwa kutegemea nati peke yake na ikikaa pembeni kidogo tu gari inatetemeka na balansi utapiga mpaka uchoke haitapona. Dawa yake ni ringi za plastiki au alumini za kuziba ile nafasi, bei yake ndogo tu. Na nati, jamani nati. Rimu nyingi za alumini orijino za Toyota zinatumia nati yenye shingo na washa bapa, rimu za kununua nyingi zinataka nati ya koni. Ukifunga nati bapa kwenye tundu la koni inaonekana imekaza lakini imeshika kwenye ukingo tu, italegea njiani. Hii sio ya kufanyia mzaha.

Dereva wa Zamani

Vijana hamjambo. Nimeendesha malori njia hizi tangu enzi za vumbi tupu. Rimu ikishafungwa mpya, ukitembea kilomita 50 mpaka 100 simama ukaze nati tena. Zikazwe kwa msalaba, sio kwa kuzunguka, na gari ikiwa chini sio juu ya jeki. Siku hizi anakaza na bunduki ya upepo mpaka uzi wa stadi, ile bolti inayoshika nati, unaliwa halafu ukipata pancha porini huko mbele ya Kaliua hufungui na spana ya gari hata ukisimama juu yake.

Mtu wa Ipuli

Shikamoo mzee. Hilo la bunduki ni kweli kabisa. Magari madogo ya Toyota kipimo cha nati ni Nm 103, fundi mwenye spana ya kipimo atakuelewa ukimtajia. Mwombe amalizie na hiyo.

Dereva wa Zamani

Marahaba mwanangu.

Mgebuka wa Kibirizi

Nawasalimu kutoka Kigoma. Huku nilipo fundi wangu hana mashine ya kompyuta, anatumia uzi na futi. Hapo juu mtoa mada umesema bila karatasi ni bure, sasa sisi tufanyeje, niendeshe Premio mpaka Tabora kwa ajili ya alaimenti? Na barabara yangu ni Kasulu kila wiki, nikitoka hapo naingia za vumbi zenye mawimbi mawimbi, miguu inateseka.

Mtu wa Ipuli

Mkuu hoja yako ina uzito na nilichosema nakishikilia, ila karatasi sio lazima itoke kwenye printa. Fundi wa uzi akikuandikia kwa peni kwenye kipande cha boksi "mbele ya tairi kushoto milimita kadhaa, nyuma milimita kadhaa, kulia hivi, baada ya kurekebisha hivi" hiyo kwangu ni karatasi. Ninachokataa ni mtu asiyekwambia alikuta nini. Asipojua alikuta nini hawezi kujua amerekebisha nini.

Spana17

Uzi ukifungwa vizuri toini inapatikana vizuri tu, mashindano ya magari bado wanautumia. Shida ni namna unavyofungwa. Uzi unatakiwa upite kushoto na kulia kwa gari, kimo cha katikati ya habu, na nyuzi mbili ziwe sambamba zenyewe kwa zenyewe, umbali wao mbele na nyuma ulingane. Wengi wanagusisha uzi kwenye tairi ya nyuma wanauvuta mbele. Hiyo imekosea tangu mwanzo maana kwenye magari mengi upana wa tairi za mbele na wa nyuma haulingani. Unatakiwa upime kutoka kwenye uzi mpaka katikati ya habu, kushoto na kulia walingane kwa mbele, na kwa nyuma walingane, hata kama mbele na nyuma ni namba tofauti. Ukishapata hapo unapima kutoka uzi mpaka ukingo wa rimu upande wa mbele na upande wa nyuma, tofauti yake ndo toini ya tairi hiyo.

Usipime kwenye raba ya tairi, ina maandishi na vinundu, pima kwenye rimu. Na sakafu iwe tambarare, sio chini ya mwembe kwenye mizizi. Kabla ya kupima sukuma gari mbele na nyuma kidogo, tikisa mbele na nyuma ikae kwenye springi zake maana ikitoka kwenye jeki tairi zinakuwa zimejibana.

Uzi hautakupa kasta, yaani mlalo wa mhimili wa kugeuzia tairi ukiitazama gari kwa ubavu. Kemba unaweza kuipata kwa pima maji ukijitahidi. Ila kwa Premio iliyoliwa kwa toini uzi unatosha.

Mgebuka wa Kibirizi

Nimekupata fundi, nampelekea hii leo hii asome mwenyewe. Yeye anagusisha kwenye tairi ya nyuma kweli.

Kijana wa Kiloleni

Wakuu mimi gari nimeinua kwa spesa za shokapu mbele na nyuma ndo nikafunga rimu kubwa, sasa ikifika lami inasafiri safiri, naishika usukani muda wote. Fundi kaniambia ni tairi mpya zitazoea.

Spana17

Mdogo wangu tairi haizoei hivyo. Ukiinua gari mikono ya tairodi inabadilika mlalo, toini inahama, na kemba inahama. Ukikata springi kushusha hali ni hiyohiyo. Kuinua au kushusha ni lazima alaimenti siku hiyohiyo, hapo ndo tairi zako mpya zinakufa haraka kuliko mtu yeyote kwenye uzi huu. Na rimu zako je, ofseti (ile ET iliyoandikwa kwenye rimu, inaonyesha rimu inakaa ndani au nje kiasi gani) ilikuwa ngapi na sasa ni ngapi?

Kijana wa Kiloleni

Za zamani imeandikwa ET45, hizi ET25. Nilipenda zinavyotoka nje.

Mtu wa Ipuli

Kama upana wa rimu ni uleule maana yake kila tairi imetoka nje milimita 20. Alaimenti haiwezi kurudisha hilo mdogo wangu. Kinachotokea ni kwamba sehemu tairi inapogusa lami imesogea mbali na mhimili ambao inageukia, kwahiyo kila shimo na kila bonde la magurudumu ya malori kwenye lami linavuta usukani, na beringi ya habu inabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Piga alaimenti kwanza ujue kiasi gani ni toini. Ikibaki kusafiri baada ya hapo jua ni ofseti, utafute rimu nyingine zenye ET iliyo karibu na 45. Najua zinapendeza, ila njia ya Urambo ina malori mengi na hautaki kupishana nayo ukiwa unapigana na usukani.

Binti Isevya

Mrejesho kwa kaka zangu. Nimeenda balansi, rimu moja ya mbele ilikuwa na tope kavu ndani limeshikana kama saruji. Limetolewa, imepigwa upya, mtetemo umeisha kabisa. Ila sasa gari inavuta kushoto kidogo nikiachia usukani, tena nilishapiga alaimenti.

Mtu wa Ipuli

Safi sana dada. Kwenye kuvuta kushoto usiwe na haraka. Barabara zetu zinajengwa na mwinamo wa kumwaga maji na sisi tunaendesha kushoto, kwahiyo gari yoyote ukiiachia itashuka taratibu kushoto. Ijaribu sehemu tambarare. Ikivuta hata hapo, badilishana tairi za mbele, ya kushoto iende kulia, kama hazina mshale wa mwelekeo ubavuni. Mvuto ukihamia kulia ni tairi yenyewe imetengenezwa na kasoro, rudi dukani. Ukibaki kushoto, kagua upepo, kagua breki isiwe inashika tairi moja, gusa kwa tahadhari rimu baada ya safari uone kama moja ina joto kuliko mwenzake. Vikiwa sawa vyote hivyo ndo urudi na ile karatasi ya alaimenti uangalie kemba na kasta za kushoto na kulia zinatofautiana kiasi gani.

Binti Isevya

Karatasi sikupewa.

Mtu wa Ipuli

Rudi udai. Mashine ya kompyuta inatunza vipimo, na kama walipima kweli watakuwa navyo. Wakisema hawana, ulilipia kunyooshewa usukani.

Na ukipewa isome hivi. Kuna safu mbili, kabla na baada. Kuna kushoto na kulia. Namba mara nyingi zimeandikwa kwa digrii na dakika, dakika 60 ni digrii moja, kwahiyo 0°30' ndo ile nusu digrii niliyosema juu. Nyekundu iko nje ya kipimo cha kiwanda, kijani iko ndani. Usiridhike na kijani peke yake, angalia kushoto na kulia zinakaribiana. IST na Premio za kuvuta mbele nyuma zina boriti moja, fundi hana cha kurekebisha pale, ila apime hivyohivyo, maana nyuma ikiwa imepinda kwa ajali za Japani au za hapa kwetu gari itatembea kimshazari na mbele inatakiwa ipangwe kufuata. Wenye RAV4, Harrier, Mark X nyuma kunarekebishika, dai zote nne.

Spana17

Na wote mkatae kitu kimoja, fundi anayenyoosha usukani kwa kuuchomoa kwenye meno yake na kuurudisha umenyooka. Usukani ukikaa mshazari unarekebishwa kwenye tairodi zote mbili, moja unafupisha nyingine unarefusha kwa kiasi kilekile. Usukani ukiwa umefungwa na kile chuma cha kuushikilia usizunguke, injini inawaka kwa zile za pawa stelingi ya mafuta. Ukiona anashika kifuniko cha eabegi mwambie aache.

Dereva wa Zamani

Tairi zenyewe mmeangalia tarehe? Mpya dukani inaweza kuwa imekaa.

Mtu wa Ipuli

Kweli mzee. Ubavuni kuna namba nne kwenye kiduara, mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi nilikataa seti moja kwa hilo, ilikuwa inang'aa kama imetoka kiwandani jana ila ilikuwa na miaka. Raba inakauka hata ikiwa dukani na jua letu linasaidia kuimaliza.

Mgebuka wa Kibirizi

Wakuu narudi. Fundi kasoma yote, kakubali, tumefunga nyuzi pande mbili kwenye vyuma tukapima habu kama alivyosema Spana17. Mbele na nyuma ya gari yangu hazilingani kweli upana, kwahiyo muda wote alikuwa ananipanga toauti akidhani sawa. Ameandika vipimo kwenye daftari, nikapiga picha. Kuelekea Mwandiga usukani umetulia mno. Swali la mwisho, kwa njia zangu za vumbi nirudie baada ya muda gani?

Spana17

Zungusha tairi, za mbele ziende nyuma na za nyuma mbele, kila kilomita 8,000 mpaka 10,000, na kila ukizungusha pitisha kiganja. Ikikwaruza upande mmoja rudi upime hata kama ni mwezi wa pili. Ukigonga shimo la kupinda rimu, rudi. Ukibadilisha tairodi, boljointi au shokapu za mbele, rudi. Na lile daftari alitunze, mkipima tena mtaona ni upande gani unahama, huo ndo wenye bushi inayokufa.

Mtu wa Ipuli

Na mwambie fundi wako aingie humu, tunamhitaji. Wa Kasulu na Kibondo wataanza kumtafuta.